Watu wa Chini ya Belo

Belo la midoli ya mitumba halifanani na belo la nguo. La nguo ukilikata kamba linapumua, linafura kama unga wa maandazi, na wanunuzi wanalirukia kabla halijakaa sawa. La midoli linamwagika. Wanatangulia dubu wa manyoya waliobanwa mpaka nyuso zikawa bapa kama chapati, halafu magari yasiyo na magurudumu, halafu wanyama, halafu vipande vya vitu ambavyo hakuna aliyejua vilikuwa nini. Chini kabisa, pamoja na shanga na vumbi la nchi za watu, ndiko walikokuwa watu wangu.

Walikuwa watu wa plastiki, wafupi kama kidole. Mzima moto na kofia yake. Mama aliyebeba kikapu. Mchezaji mpira aliyebanduka kwenye kibao chake, kwa hiyo hakuweza kusimama bila kuegemezwa. Kwa muuzaji hawakuwa na thamani. Walipangwa mafungu juu ya gunia, na mzazi aliyeshindwa bei ya gari la kuchezea alimchukulia mtoto fungu moja ili anyamaze.

Nilianza kuwakusanya nikiwa kidato cha kwanza, umri ambao wenzangu walikuwa wanakusanya namba za simu.

Mwenye belo alikuwa mama mdogo wangu, mdogo wake Mama wa kumfuatia. Aliishi Makambako, nyuma ya soko, na kibanda chake cha midoli na nguo chache za watoto kilikuwa cha mbao na turubai lililofungwa kwa kamba na kukandamizwa kwa mawe, kwa sababu upepo wa Makambako hauombi ruhusa. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani malori yanakopita. Mume wake alikwenda Tunduma kutafuta biashara, akapata biashara na mke mwingine pia. Mtoto hakuwahi kupata. Hayo mawili hakuyazungumzia, na watu wa sokoni walijifunza kutoyauliza.

Nyumbani kwetu ni Njombe, nje kidogo ya mji, upande wa mashamba ya miti. Mama alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi. Baba alikuwa fundi wa kunoa misumeno katika kiwanda cha mbao, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa usharikani kwetu. Mimi ni kitindamimba. Kaka na dada zangu walishaondoka, huyu chuoni, huyu kwa mume, huyu kazini mbali, na nyumba ilikuwa imebaki na vyumba vingi kuliko sauti. Ni Mama mwenyewe aliyesema likizo niende Makambako nikamsaidie mdogo wake. "Akajifunze kuongea na watu," alimwambia Baba. "Hapa anaongea na miche."

Kazi yangu kibandani ilikuwa kufua. Dubu tuliwaosha kwenye beseni, tukawaanika kwa kuwabana masikio kwenye kamba, na watoto waliopita walisimama kuwahesabu. Wale wadogo wa plastiki niliwasugua kwa mswaki wa zamani na sabuni ya unga mpaka uso ukatokea. Siku moja nikamsugua mmoja aliyekuwa amepanua miguu kama upinde, mikono mbele, ngumi zimefumba. Sikumwelewa. Kila nikimsimamisha anaanguka.

"Huyu ana ugonjwa gani?" nikamuuliza mama mdogo.

Akamchukua, akamgeuza, akacheka. "Huyu ni mpanda farasi. Farasi ndiye kapotea."

Nilimtazama tena. Kweli, alikuwa amekaa. Alikuwa amekaa juu ya kitu ambacho hakipo, kichwa juu, bila wasiwasi wowote, kama hajaambiwa.

"Naomba niwe naye," nikasema.

"Mchukue. Nani atanunua mtu wa namna hiyo?"

Baada ya huyo nikaanza kuwatafuta wa aina yake. Bibi aliyekaa bila kiti. Mwanamume aliyeinama kusukuma kitu kilichokatika. Msichana aliyenyoosha mkono mmoja pembeni, kiganja kimekunjwa, na ndani ya kiganja hakuna kitu. Jioni, tukishafunga kibanda, tuliketi na mama mdogo kwenye jiko la mkaa nyumbani kwake, chai ikichemka, nikamwonyesha niliowapata.

"Huyu alishika nini?"

"Mwiko. Tazama anavyobana kiwiko. Anasonga ugali wa watu wengi, msibani."

"Na huyu?"

"Huyo anasukuma baiskeli ya mkaa, kutoka huko vijijini. Kachoka."

Nilipomwonyesha yule msichana wa mkono wa pembeni, alimtazama muda mrefu kuliko wengine. "Huyu alimshika mtoto mkono," akasema. "Wanavuka barabara." Akanirudishia, akainuka kuangalia chai ambayo haikuhitaji kuangaliwa.

Nilirudi Njombe na kopo la maziwa ya unga lenye watu ndani, nikawapanga dirishani chumbani kwangu. Sikuwa nawachezea. Hilo ndilo Mama hakuwahi kulielewa, na mimi sikuwahi kuweza kulieleza. Sikuwavalisha, sikuwapikia, sikuwapa majina. Niliwapanga, nikawatazama, kesho yake nikawapanga vingine. Asubuhi za Juni, ukungu unapofika mpaka kwenye kioo na huoni hata mstari wa kwanza wa miche, wao walikuwepo pale dirishani, na chumba kilionekana kina watu.

Mama aliwaona wiki ile ile.

"Hivi ni nini?"

"Ni vya mama mdogo. Kanipa."

"Kakupa ufanyie nini?"

Mama ni mtu wa kitalu. Kwake kila kitu kina kazi, na kisicho na kazi kinang'olewa ili kisinyonye maji ya kingine. Alikuwa amewalea watoto watatu kabla yangu, wote wakatoka na akili zao, na sasa wa mwisho, msichana mrefu kumpita yeye mwenyewe, mwenye mtihani wa kidato cha pili mbele yake, anapanga vinyago dirishani.

"Wenzako umri huu wanaombewa na mama zao wasikimbilie ukubwani," akasema. "Mimi niombe nini? Utoke utotoni?"

Baba alipoulizwa alisema neno moja tu, kwamba nimsikilize mama yangu. Nikawaondoa dirishani, nikawaweka ndani ya kopo, na kopo chini ya kitanda. Kila likizo kopo likazidi kujaa, na kila Mama alipofagia alilisogeza kwa ufagio bila kuinama, kama mtu anayesogeza mbwa wa jirani.

Basi ikatokea siku ya jumuiya. Familia za mtaa wetu huzunguka nyumba kwa nyumba kwa ibada, na Jumamosi ile ilikuwa zamu yetu. Mama alikuwa ameandaa tangu alfajiri: viazi, njegere, chai ya maziwa, vitambaa vya kufuma kwenye kila kochi. Watu wakajaa sebuleni, wengine wakakaa kwenye mabenchi ukumbini. Baba akaongoza wimbo. Katikati ya maombi, macho yote yakiwa yamefumbwa, mtoto wa mgeni mmoja, wa kama miaka mitatu, akaingia chumbani kwangu, akatambaa chini ya kitanda kama paka.

Tulipofumbua macho, meza ya katikati, yenye Biblia na kitambaa cheupe, ilikuwa imejaa watu wa plastiki. Mtoto alikuwa amewazungusha Biblia pande zote, waliosimama na walioanguka, na mpanda farasi amekalishwa juu ya Biblia yenyewe, amepata hatimaye pa kukaa.

Hakuna aliyecheka. Leo nikikumbuka nacheka mimi, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye sauti laini akauliza, "Mama, hivi ni vya nini?" Akauliza kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa mbaya.

"Ni vya mtoto," Mama akasema.

"Mtoto yupi? Si hamna mtoto mdogo hapa?"

Macho yakaja kwangu, mlangoni, na birika mkononi. Baba akafunga kwa sala, fupi kuliko kawaida yake. Wageni wakala viazi vya Mama na kuvisifu, na walivyokuwa wakivisifu ndivyo shingo ya Mama ilivyozidi kukakamaa.

Jumatatu yake Mama hakuniruhusu kwenda shule. Alinifungasha na kopo langu, tukapanda Kosta kwenda Makambako, yeye akitazama mbele njia nzima.

Mama mdogo alituona tukikatiza kwenye vibanda, akaachia kicheko chake, akamsalimu dada yake kikwetu. "Kamwene, dada! Leo umenikumbuka?" Akanyoosha mikono. Mama hakuingia kwenye mikono ile. Aliweka kopo juu ya meza, katikati ya nguo za watoto.

"Nimekuletea mzigo wako."

"Mzigo gani?"

"Vinyago ulivyomjazia mwanangu."

Mama mdogo alinitazama, kisha akamtazama dada yake. "Dada, ni plastiki tu. Havili, havinywi, havimtoi shule."

"Vinamtoa akili. Juzi nimeaibika mbele ya jumuiya nzima. Mtu na elimu yake ya sekondari, ana kopo la vinyago chini ya kitanda, na watu wanajiuliza ni vya nini. Wanajiuliza nyumba hii inaabudu nini."

"Si ungewaambia mtoto anapenda?"

"Anapenda! Kila anachopenda ndicho apewe? Wewe ungejuaje. Wewe huna mtoto, hujui mtoto anavyoharibika."

Mteja mmoja alikuwa ameshika suruali, akaiweka chini taratibu, akaondoka. Turubai lilipigapiga juu yetu. Nilitamani upepo ulibebe, utubebe na sisi. Mama mwenyewe nadhani alisikia alichokisema, maana mdomo wake ulibaki wazi kidogo, kama anataka kukirudisha.

Mama mdogo alichukua kopo, akabana kifuniko kwa kiganja mpaka kikalia, akaliinamia na kulisukuma chini ya meza. Alipoinuka uso ulikuwa ule ule, ila hauna kicheko.

"Mmekula?" akauliza.

Mama akasema tumekula. Hatukuwa tumekula.

Miezi ikapita. Mama mdogo hakupiga simu, na Mama hakupiga. Likizo ya katikati ya mwaka sikwenda Makambako, nilimwagilia miche. Nilijifunza kubebesha, kukata kikonyo na kukifunga kwenye mche wa kienyeji kwa nailoni, na Mama akanisifu kwamba mkono wangu ni mwepesi. Nilifurahi kusifiwa. Usiku wa sifa ile nililala vizuri. Sikuwa na kinyongo na Mama kama mtu anavyoweza kudhani. Nilikuwa na kitu kingine, aibu niliyoibeba kwa niaba yake, na sikujua niitue wapi.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeanza na miche ikiwa inaondoka kwa wingi, simu ya Mama ililia kitaluni. Ilikuwa namba ngeni. Jirani wa kibanda kutoka Makambako alisema mdogo wake ameanguka sokoni, ametoka damu nyingi, na kwamba alikuwa anatoka damu siku nyingi bila kumwambia mtu.

Mama aliangusha kopo la kumwagilia. Hakuvua hata buti za shambani. Baba alimkimbilia na sweta mpaka barabarani, akamtupia akiwa tayari juu ya pikipiki.

Walimleta hospitali ya Njombe jioni ile. Ulikuwa uvimbe kwenye kizazi, mkubwa, wa miaka. Daktari alisema watautoa, na kizazi kitatoka nacho. Nilifika kesho yake na uji kwenye chupa ya chai, nikasimama mlangoni mwa wodi kwa sababu pazia la kitanda lilikuwa limevutwa. Mama alikuwa anamwosha. Nilisikia maji, kitambaa kikikamuliwa, kisha sauti ya mama mdogo, nyembamba, isiyo yake.

"Dada, sasa ndiyo basi kabisa."

"Basi nini?"

"Nilikuwa bado nasubiri. Mtu mzima mimi, nasubiri."

Maji yakanyamaza. Kisha Mama akasema, "Siku ile sokoni nilisema neno."

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Nimeshalisahau."

"Hujalisahau."

"Sijalisahau," mama mdogo akasema. "Lakini nimechoka kulibeba. Lichukue."

Nikasikia Mama analia. Sikuwahi kumsikia Mama akilia kabla ya siku hiyo, hata alipozikwa bibi, kwa hiyo kwanza nilidhani ni mgonjwa wa kitanda cha pili. Nilirudi nyuma, nikakaa kwenye benchi la korido, nikaukumbatia uji mpaka pazia likafunguliwa.

Upasuaji ulikwenda salama. Mama mdogo akaletwa kwetu kuuguzwa, akapewa chumba changu na kitanda changu, mimi nikalala kwenye godoro chini. Lililobaki lilikuwa kibanda. Mwenye eneo alikuwa ameshaanza kuulizia kama kinatumika, na sokoni kibanda kilichofungwa wiki mbili huwa hakina mwenyewe. Mama mdogo akasema kiende tu, ataanza upya.

"Hakiendi," Mama akasema.

"Dada, una miche. Huu ndio msimu wako."

"Miche ina maji na ina mume wangu. Kibanda cha ndugu yangu hakitafungwa."

Hivyo ndivyo Mama alivyokuja kuuza mitumba ya midoli. Shule zilikuwa zimefungwa, tukawa tunaondoka wote wawili asubuhi kwenda Makambako na kurudi jioni, Baba akibaki kumwagilia miche na kumchemshia shemeji yake uji, ambao, mama mdogo alisema, ulikuwa mzito kiasi cha kuweza kuujengea ukuta.

Siku za mwanzo Mama aliuza midoli kama anavyouza miche. Mteja akiinua dubu, Mama anamweleza namna ya kumtunza: asimwache juani, asimwoshe kwa maji ya moto, amkague mishono kila baada ya muda. Akiona mteja hana umakini, anakataa kumuuzia. Mama mmoja aliuliza, "Kwani unauza au unaozesha?" Majirani wa vibanda walicheka mpaka wakakaa chini. Mama hakucheka, lakini kesho yake alibadilika. Aliwabana dubu masikio kwenye kamba kwa ukubwa, kuanzia mdogo, kama ukoo uliojipanga kupiga picha. Akagundua kwamba mtoto hachagui kwa macho, anachagua kwa mkono, akashusha meza ya mbele ili mikono midogo ifike. Akaanza kuwajua watoto wa sokoni, nani anapenda magari na nani anayeshika tu na kurudisha. Wale wa kushika na kurudisha aliwaacha washike.

Kopo langu lilikuwa bado chini ya meza, pale pale liliposukumwa. Nililiona siku ya kwanza kabisa nikifagia. Nikafagia kulizunguka.

Siku moja alinituma nikachukue chai. Niliporudi na vikombe, nikapita kwa nyuma ili nisimwage, nikawa nimesimama upande wa pili wa turubai, penye mwanya. Mbele ya meza kulikuwa na mama na binti yake mdogo. Binti alikuwa amepita chini ya meza, akafungua kopo, na sasa amesimama na mpanda farasi mkononi.

"Mama, nataka huyu."

"Huyu shilingi ngapi?" mama yake akauliza.

Nilishika vikombe, na chai ikanichoma vidole kwa sababu sikukumbuka kuviweka chini. Nilifikiri, sasa anauzwa. Na nilifikiri pia, na hili linanishangaza mpaka leo, kwamba ni sawa, acha auzwe, mtoto yule anamtazama vizuri.

"Huyo hauzwi," Mama akasema.

"Si yupo hapa kwa kuuzwa?"

"Hapa vingine vinauzwa. Hilo kopo lina mwenyewe." Akainama kwa binti, akafungua kiganja chake kidole kimoja kimoja, kwa upole kama anavyotoa mche kwenye mfuko wake. "Huyu anasubiriwa nyumbani, mwanangu. Chagua mwingine, nitakupa bure."

Yule binti akachagua twiga. Wakaondoka. Mama alibaki amemshika mpanda farasi, akamgeuza huku na huku, akamkalisha juu ya kidole chake cha shahada. Alikaa barabara. Mama akamtazama pale, peke yake, akidhani haonwi, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu kaka na dada zangu waondoke nyumbani. Kisha akamrudisha ndani ya kopo na kubana kifuniko.

Nikazunguka, nikaja mbele na chai. "Imepoa," akasema.

"Kulikuwa na foleni."

Jioni ya siku ya mwisho kabla ya kufungua shule, tulipokuwa tunafunga, alilivuta kopo kutoka chini ya meza, akalifunga ndani ya kanga yake na kulipakata ndani ya Kosta mpaka Njombe. Hakusema nalo afanye nini. Tulipofika, alikwenda moja kwa moja chumbani, akaliweka kwenye dirisha juu ya kichwa cha mama mdogo.

Mama mdogo akalitazama kopo, akamtazama dada yake, na kicheko kikaanza. Kilianzia chini na kikapanda, kile kile cha zamani, mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. "Dada! Usinichekeshe, mshono!"

"Nani anakuchekesha? Mimi nimeleta mzigo tu." Lakini na yeye alikuwa anacheka, amekaa ukingoni mwa kitanda na buti zake. Baba akaja na bakuli la uji wake, akasimama mlangoni asielewe. Mama mdogo akamwaga kopo lote juu ya blanketi, akamnyooshea Baba yule mwanamume aliyeinama.

"Shemeji, huyu unadhani alikuwa anasukuma nini?"

Baba aliweka uji chini. Alimchukua, akampeleka kwenye mwanga, akamkagua kama anavyokagua meno ya msumeno. "Gogo," akasema. "Analilisha kwenye mashine. Ila kasimama vibaya, atakatwa vidole." Akamrudisha, akatoka kwenda kufunga kuku.

Sitaki kusema kwamba kuanzia hapo Mama alivipenda. Hakuvipenda. Siku ya pili yake alinipa masharti: vikae chumbani, sebuleni ni kwa wageni, na kama matokeo ya mtihani yakiwa mabaya, tutazungumza upya. Matokeo hayakuwa mabaya, hayakuwa ya ajabu pia. Zamu yetu ya jumuiya ilipozunguka tena, yule mama wa sauti laini aliuliza, akiwa ameshika kikombe, kama vile vitu vidogo bado vipo. Mama alimwambia vipo, chumbani kwa binti, na kama angependa kuviona mlango uko wazi. Hakwenda kuviona. Akaomba chai nyingine.

Mama aliendelea kwenda kibandani peke yake mpaka mama mdogo aliporudi Makambako, mvua zilipokatika. Dada yake alimsindikiza kumkabidhi kibanda, akasema atalala siku mbili, akalala wiki nzima. Baba alikuwa ananiuliza kila jioni, "Mama yako kakwambia anarudi lini?" nami nasema hajaniambia, na tunakula ugali wangu ambao ulikuwa na mabonge. Mama alipopiga simu hatimaye, nyuma ya sauti yake nilisikia upepo na mtu akicheka, na akaikata kabla hajajibu swali la Baba, kwa sababu alikuwa na mteja.

Sasa nafanya kazi katika duka la dawa mjini, na nimepanga chumba changu mwenyewe, mlima wa pili kutoka nyumbani. Siku ya kuhama nilikuwa kazini, kwa hiyo Mama ndiye aliyefunga mizigo na kuituma kwa bajaji: blanketi mbili, sufuria, jiko, gunia la viazi, na boksi moja jepesi lililofungwa kwa kamba ya katani. Nilifungua boksi usiku, nikakuta magazeti. Kila mtu alikuwa amefungwa peke yake katika kipande cha gazeti, ncha zimesokotwa, kama anavyofunga vikombe vyake vya sebuleni. Bibi asiye na kiti alikuwa na kipande chake, na yule mchezaji asiyeweza kusimama, na hata mkono mmoja uliokatika, ambao sijui ni wa nani, ulikuwa umefungwa vilevile. Ilinichukua muda mrefu kuwafungua wote. Nilikuwa sijawasha hata jiko.

Simu ikalia, na ni yeye.

"Wamefika?" akauliza.

"Wamefika."

"Wote? Hakuna aliyevunjika?"

"Hakuna."

"Haya. Na sufuria je?"

Nikamwambia sufuria pia zimefika. Nilimsikia anamwambia Baba kitu pembeni, na Baba anaguna. Kisha akarudi.

"Usiwaweke dirishani," akasema. "Huko juu kwako kuna baridi."